Bildi na Ramani: Meli za Kupima Bahari na Majina ya Pwani Yetu



Nimepewa heshima ya kusema juu ya bahari, nami ni mtu wa bara. Nilikulia Kisaka, katika nchi ya wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ambako maji makubwa tuliyoyajua utotoni ni yale ya mto Mara unaopita baina ya wilaya hizo mbili ukielekea Nyanza. Waswahili husema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na sisi tulikuwa chungu wa kifuu hicho. Kiswahili kilitufikia darasani, na pamoja nacho yakaja maneno yenye chumvi ndani yake. Mwalimu alisema mambo ya fulani yamekwenda mrama, au kwamba kiongozi ameshika usukani, nasi tukayaandika katika madaftari na kuyatumia katika insha zetu bila kujua kwamba mrama ni mwendo wa chombo kinapolala ubavu huu na ubavu ule katika mawimbi. Ukutani kilitundikwa kitu kilichoitwa ramani. Juu kushoto palikuwa na ziwa lililopakwa rangi ya samawati, na kulia ukanda mrefu wa rangi hiyo hiyo ulioandikwa Bahari ya Hindi. Ilinichukua miaka mingi, na shahada kadhaa, kugundua kwamba hata jina la kile kitu cha ukutani lilikuwa limetoka chomboni.

Neno ramani linahusishwa na rahmani ya mabaharia wa Kiarabu, ambayo nayo ni umbo lililogeuzwa la neno la Kiajemi lenye maana ya kitabu cha kuonyesha njia. Rahmani ilikuwa maandishi ya rubani: umbali kutoka rasi hadi rasi, kimo cha nyota, dalili za kukaribia nchi kavu, rangi ya maji, miamba ya kuepukwa. Ahmad ibn Majid, baharia mkubwa wa karne ya 15 aliyeandika pia juu ya njia ya kwenda Sofala, alikuwa mtu wa maandishi ya aina hiyo. Katika kamusi za zamani za Kiswahili utakuta bado umbo la rahamani, lenye maana ya chati ya baharini. Baadaye silabi moja ikadondoka, neno likapanda nchi kavu, likapita Tabora, likafika Kisaka likiwa na maana ya karatasi yoyote inayoonyesha mahali.

Halikuwa peke yake. Timazi ya risasi iliyofungwa kwenye kamba na kutupwa majini ili kujua kina iliitwa bildi, neno wanalolifahamu pia mabaharia wa Ghuba. Kipimo chenyewe kiliitwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, karibu meta 1.8, na ni kitenzi hicho hicho tunachokitumia leo tunapopima ardhi, homa na akili za watahiniwa. Aliyeijua njia ni rubani, ambaye siku hizi amepanda angani na kuiacha bahari kabisa. Nayataja haya mapema ili isidhaniwe kwamba elimu ya kupima bahari ililetwa pwani hii na meli za wageni. Walichokileta wageni ni namna nyingine ya kuiandika elimu hiyo, na serikali nyuma ya maandishi hayo.

Namna hiyo mpya ilifika kwa nguvu katika miaka ya 1820. Ofisi ya chati ya jeshi la majini la Uingereza ilikuwa imeanzishwa mwaka 1795, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Alexander Dalrymple. Mwaka 1821 Kapteni William Fitzwilliam Owen alitumwa kupima ufuko wa Afrika akiwa na meli mbili, Leven na Barracouta. Kazi ilikwenda hadi mwaka 1826. Ilizaa chati zipatazo 300, zilizofunika ufuko wenye urefu wa karibu kilometa 48,000, na iligharimu roho za watu kuliko vita vingi vya majini vya wakati ule: zaidi ya nusu ya mabaharia walioanza safari walikufa kwa homa na maradhi mengine ya nchi za joto.

Inafaa tuieleze kazi yenyewe, kwa kuwa watu huidhania kuwa ya kalamu na meza. Mashua zilishushwa alfajiri. Mtu mmoja alisimama mbele akitupa bildi na kuita idadi ya pima. Wenzake wakapima kwa sekstanti pembe baina ya alama tatu za nchi kavu, labda mnazi mrefu, mnara wa msikiti na ncha ya rasi, ili kina kile kipate mahali pake kwenye karatasi. Chini ya bildi palikuwa na tundu lililojazwa mafuta mazito ya mnyama, na chochote cha sakafu ya bahari kilichonata hapo, mchanga, tope au vipande vya matumbawe, kiliandikwa pia. Mashua ikasogea kidogo, bildi ikatupwa tena, na hivyo hivyo mpaka jua lizame. Jioni karatasi ilijaa tarakimu. Lakini tarakimu peke yake haimfai nahodha, anahitaji majina. Na jina halinati kwenye mafuta ya bildi. Jina lazima liulizwe, na anayeulizwa ni mtu wa mahali pale.

Hapo ndipo somo langu linapoanza kuwa la lugha. Owen na maofisa wake waliandika majina ya Kiswahili kwa herufi za Kilatini miaka 20 hivi kabla ya Ludwig Krapf kufika Mombasa mwaka 1844, na zaidi ya karne nzima kabla ya Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 kusimamia namna moja ya kuandika. Waliandika kwa sikio la Kiingereza, wakiisikia sauti kupitia kinywa cha mkalimani ambaye pengine lahaja yake haikuwa ya mahali palipoulizwa. Tunapoona jina moja limeandikwa kwa sura mbili au tatu katika chati za vipindi mbalimbali, tusikimbilie kucheka. Makosa ya msikilizaji yana manufaa kwa mwanaisimu, kwa kuwa hutuonyesha kilichosemwa kabla hakijasafishwa na karani.

Baadhi ya istilahi zilinusurika vizuri sana. Chati za Afrika ya Mashariki zimejaa ras, fungu, mwamba, kisiwa, mlango. Nahodha wa meli kutoka Bergen au Bombay alilazimika kujua kwamba mwamba utamtoboa na fungu litamkwamisha. Nadhani ni mojawapo ya maeneo machache sana ambamo Kiswahili kilipata hadhi ya lugha ya kitaaluma ya kimataifa bila mtu yeyote kuipigania.

Majina mengine yalifunikwa. Kaskazini mwa Unguja, upande wa Pemba, liko fungu ambalo dunia nzima hulijua kwa jina la meli ya Owen, Leven. Mombasa kuna ngazi za Leven katika mji wa kale, na kwenye mlango wa bandari kuna mwamba wenye jina hilo. Kisiwa kidogo cha ndege kilicho mbali kusini mashariki ya Unguja wavuvi hukiita Fungu Kizimkazi, ilhali chati ilikiita Latham, kwa jina la meli ya Kampuni ya Mashariki ya India ya karne ya 18. Changuu na Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe, zilipewa kwa Kiingereza majina ya gereza na kaburi. La kwanza kwa ajili ya gereza lililojengwa pale, la pili kwa makaburi ya mabaharia wa Kiingereza. Changu ni samaki. Mtalii anayepanda mashua leo kwenda kisiwa cha gereza hajui kwamba anakwenda kwa samaki.

Mtu wa tatu katika hadithi ya Mombasa ni Luteni John James Reitz. Mwezi Februari 1824 Owen aliingia Mombasa, akakuta Wamazrui wamepandisha bendera ya Uingereza kwa kumhofia Seyyid Said wa Omani, ambaye alikuwa anautaka mji. Owen alikuja kupima kina. Akajikuta anatangaza himaya. Aliwakubalia Wamazrui ulinzi kwa sharti la kuacha biashara ya watumwa, akamwacha Reitz kuwa gavana, akaondoka kuendelea na chati zake. Reitz alikufa kwa homa kabla ya mwezi Juni mwaka huo huo. Serikali ya London haikuwahi kuikubali himaya ile, na mwaka 1826 ikafutwa. Kilichobaki ni jina: mkono wa bahari unaoingia bara nyuma ya Kilindini bado unaitwa Reitz. Utawala wa miaka miwili uliokataliwa na wenyewe umeacha alama ya kudumu kwenye ramani, kwa sababu aliyeutangaza ndiye aliyekuwa ameishika kalamu. Hili ndilo ninalotaka tulifuate hadi mwisho wa mhadhara huu. Meli ya kupima haina mizinga ya kutisha, na kazi yake inaweza kuwa ya kweli na yenye manufaa kwa kila chombo kinachopita. Hata hivyo ni chombo cha jeshi, na siku ikitakiwa kuwa jeshi, huwa.

Wajerumani nao walilijua hilo. Meli yao ya upimaji, Möwe, iliyoshushwa majini mwaka 1906, ilikuwa Dar es Salaam vita vilipoanza. Mwezi Agosti 1914 Wajerumani waliizamisha wenyewe bandarini isije ikatekwa. Mabaharia wake wakapanda garimoshi la reli ya kati, ambayo ilikuwa imefika Kigoma mwezi Februari mwaka huo, wakawa wanajeshi wa ziwa Tanganyika chini ya nahodha wao Gustav Zimmer. Wapimaji wa bahari wakawa wapiganaji wa ziwa. Baadhi yao walihudumu katika Graf von Götzen, meli ambayo kizazi changu kiliijua kwa jina la Liemba.

Kwetu, upande wa Nyanza, chati zilichelewa zaidi. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley aliuzunguka mwambao wote kwa mashua yake Lady Alice, akipita mbele ya ghuba ambamo mto wetu humwaga maji. Upimaji wa kitaalamu ulifanywa mwishoni mwa karne ile na Kamanda Whitehouse wa jeshi la majini la Uingereza, wakati reli ya Uganda ikitafuta mahali pa kuishia. Ilifika Kisumu, iliyoitwa wakati huo Port Florence, mwezi Desemba 1901. Wengi hushangaa kusikia kwamba ziwa kubwa kuliko yote ya Afrika lina kina kisichozidi meta 80 na ushei. Bildi ya pima 50 ingefika chini popote. Na neno nyanza lenyewe ni ndugu wa nyanja ya Kiswahili, ile tunayoisema leo tukimaanisha nyanja za elimu. Maji mapana yamegeuka kuwa taaluma. Wala sioni ubaya.

Sasa nifike kwenye kundi la meli lililonifanya nichague mada hii. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, Uingereza ilikuwa na manowari za aina ya Bay ambazo hazijamalizwa kujengwa. Nne kati yake ziligeuzwa kuwa meli za kupima bahari. Kila moja ilikuwa na urefu wa meta 94 hivi. Mizinga haikuwekwa, mahali pake pakawekwa mashua za kupimia, vyumba vya kuchorea na mitambo ya mwangwi. Mtambo wa mwangwi umeifuta kazi ya bildi: sauti hupigwa chini ya meli, husafiri majini kwa mwendo wa karibu meta 1,500 kwa sekunde, hugonga sakafu na kurudi, na muda wa safari hiyo hugeuzwa kuwa kina. Pale ambapo Owen alipata nukta moja kwa mtupo mmoja, meli hizi zilichora mstari usiokatika.

Majina yake ya kwanza yalikuwa ya ghuba za Uingereza. Zilipogeuzwa zikapewa majina ya wapimaji na wasafiri wa kale: Cook, Dampier, Dalrymple na Owen. Kati ya wanne hao, Owen ndiye aliyeacha maiti za wenzake katika pwani yetu. Meli yenye jina lake ilikuja kufanya kazi katika bahari ile ile.

Kuanzia mwaka 1959 hadi 1965 ulifanyika mradi mkubwa wa kimataifa wa kuichunguza Bahari ya Hindi, ambayo ilikuwa haijulikani vizuri kuliko Atlantiki na Pasifiki. Meli kadhaa kumi za mataifa mengi zilishiriki, na Owen ikiwamo. Mwezi Novemba 1962 ilikuwa juu ya safu ya milima ya chini ya bahari iitwayo Carlsberg, baina ya Pembe ya Afrika na India, ikikokota nyuma yake chombo cha kupimia usumaku. Ndani yake alikuwamo Drummond Matthews, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka uliofuata yeye na mwanafunzi wake Fred Vine walichapisha katika jarida la Nature maelezo ya tarakimu zile. Walisema hivi: miamba ya moto inapotoka katika ufa ulio katikati ya safu na kupoa, huhifadhi mwelekeo wa usumaku wa dunia wa wakati ule. Kwa kuwa usumaku wa dunia umekuwa ukigeuka mara kwa mara, sakafu ya bahari inapotanuka kwenda pande mbili huacha mistari inayopishana kama mkeka uliosukwa kwa ukindu wa rangi mbili. Mkanada Lawrence Morley alikuwa amefikia wazo hilo hilo kivyake, ila wahariri walikataa makala yake. Wanataaluma wachanga mlio hapa msikate tamaa barua ya kukataliwa ikija.

Wazo hilo lilikuwa nguzo ya nadharia ya mabamba ya dunia. Limetufafanulia pia nchi yetu wenyewe. Mto Mara unaanzia Mau, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na Nyanza imelala katika beseni lililo baina ya mikono miwili ya bonde hilo. Kwamba bara linaweza kupasuka na kuachana tulikuwa tunaliona kwa macho kwenye genge la Mau. Meli ile ilisaidia kuonyesha bahari inavyozaliwa baada ya mpasuko. Katika safari zile ulipatikana pia mpasuko mrefu wa sakafu ya bahari unaotoka karibu na Sokotra kuelekea kaskazini mashariki, na ukapewa jina la meli. Jina la kapteni likapewa meli, la meli likapewa ufa. Katika isimu tunaliita hilo uhamishaji wa jina. Baharini huitwa haki ya aliyefika na kalamu.

Miezi 14 baada ya kazi ya Carlsberg, meli hiyo hiyo ilikuwa katika pwani ya Afrika ya Mashariki ikiendelea na upimaji. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi ya Zanzibar. Sultani Jamshid akaondoka kwa meli. Meli ya kwanza ya jeshi la Uingereza kufika mbele ya mji, jioni ya siku hiyo hiyo, haikuwa manowari kamili. Ilikuwa Owen, iliyoachishwa kazi yake ya chati na kuamriwa kwenda. Manowari Rhyl ilifuata kutoka Mombasa ikiwa na askari wa nchi kavu. Wamarekani walichukuliwa na manowari yao, Manley, tarehe 13. Uingereza haikuingilia kati kwa silaha, na Owen haikuwa na silaha ya maana ya kuingilia nayo.

Nimewahi kuulizwa na mwanafunzi kama basi meli ile ilikuwa ya elimu au ya dola. Swali ni zuri lakini limegawanya kitu kisichogawanyika. Daftari lililoandikwa usumaku wa Carlsberg na amri ya kwenda Unguja vilikuwa katika chombo kimoja, mikononi mwa maofisa wa jeshi lile lile. Matthews aliipata meli kwa sababu dola ilikuwa na haja ya kuijua bahari, na dola ilikuwa na meli karibu na Unguja kwa sababu ya kazi ya chati. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Owen mwenyewe mwaka 1824, isipokuwa yeye alitangaza himaya, na waliomfuata kwa jina walitazama mwisho wa utawala uliotokana na Seyyid Said aliyekuwa adui wa Wamazrui. Sidhani kama aliyeichagulia meli jina lile aliwaza hayo.

Meli zenyewe hazikudumu. Dalrymple iliuzwa kwa Ureno mwaka 1966, na Owen ilivunjwa chuma mwaka 1970. Uingereza ilikwisha jenga meli mpya za aina ya Hecla katika miaka ya 1960, zilizosanifiwa tangu mwanzo kwa ajili ya bahari kuu. Chati za maji yetu ziliendelea kuchapishwa Taunton, Uingereza, muda mrefu baada ya bendera zetu kupandishwa, nazo ni chati nzuri. Mwenye kukwama fungu la Yasin nje ya Dar es Salaam hana wa kumlaumu.

Linalonikera mimi ni lingine. Katika mamia ya chati za Owen yamo majina ya maluteni waliokufa wakiwa na miaka 20 na ushei, na ni haki wakumbukwe. Rubani aliyesimama kwenye mashua akasema hapa ni mwamba na pale ni mlango, jina lake halimo. Na alijua mengi zaidi ya yaliyoulizwa. Mvuvi wa Nungwi au wa Kizimkazi hujua mahali pake baharini kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu, mti huu nyuma ya jengo lile, na alama nyingine mbili ubavuni; ni pembe zile zile za sekstanti, bila sekstanti. Kila mahali anapotia nanga pana jina, na mengi ya majina hayo hayamo katika chati yoyote, kwa kuwa meli kubwa haina haja ya kujua samaki wa aina gani wako wapi. Siku hizi vijana wana simu zinazowaonyesha mahali walipo kwa tarakimu. Minazi ya alama inakatwa, hoteli zinajengwa, na mzee akifa majina yake yanazama naye.

Katika idara yangu tumeanza kazi ndogo, kwa fedha kidogo, ya kuyakusanya. Tunamwendea mzee na chati ya zamani, tunaitandika juu ya mkeka, tunaanza kwa kumsomea majina yaliyomo. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilijitambulisha kuwa ninatoka Kisaka, Mara. Mzee alicheka, akaniuliza kama huko kwetu kuna maji. Kisha akaweka kidole kwenye nafasi tupu kusini mwa Leven, mahali palipoandikwa kina tu, akasema, “Mwanangu, hapa wameandika pima ngapi? Haya, sasa andika jina.”